Rezo nyingi, milango michache

Hapa kwetu Misisi mtu akikimbia mapigano anabeba mtoto, godoro na simu. Simu ndiyo inamwambia kama mama amefika Baraka, kama ndugu walioko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ni wazima, na kama barabara ya Lulimba inapitika. Kwa hiyo habari ya intaneti si ya matajiri peke yao.

Kinachonisumbua ni hiki: tunadhani tuna njia nyingi, kumbe milango ni michache. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika pamoja dunia nzima, karibu saa sita. Hakukuwa na vita wala radi. Zote tatu ni za kampuni moja, na kosa lilitokea wakati mafundi wake walikuwa wanatengeneza mitambo yao wenyewe. Aliyetoka WhatsApp kwenda Facebook siku ile alihama chumba tu, nyumba ilikuwa ile ile, na giza lile lile.

Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu nchi nyingi zinategemea nyaya chache.

Tena milango michache ni rahisi kufungwa. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, serikali yetu iliamuru makampuni ya simu yakate intaneti. Makampuni hayo yanahesabika kwa vidole. Amri moja ilitosha, nchi ikakaa karibu wiki tatu bila intaneti.

Wengine wananiuliza: bila makampuni makubwa, nani atasimamisha antena huku kwetu? Ni kweli. Hakuna kijana wa Fizi atakayevuta waya chini ya bahari. Sisemi tuyakatae. Nasema tusiweke maisha yetu yote mikononi mwao, maana yakizima, mama aliyehama hana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo, familia zilizohama, andikeni namba za ndugu kwenye karatasi, muifunge ndani ya plastiki. Mwenye uwezo awe na laini za makampuni mawili. Pesa yote isilale ndani ya simu. Mkubaliane mapema: tukipotezana, tutatafutana kwa nani, kanisa gani, kwa chifu gani?

Na sisi wa redio tuna kazi yetu. Redio ya betri haiombi mega. Tangazo la mtoto aliyepotezana na wazazi lisibaki kwenye kikundi cha WhatsApp tu. Tulisome hewani, tuliandike pia kwenye daftari, ili hata rezo ikikatika, mzazi akifika hapa alikute.