Mtaa Unaojua Kuzika Unaweza Kuokoa

Maisha yangu ya kazi yamepita katika kufundisha huduma ya kwanza na uokoaji kwenye mitaa ya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, kuanzia Kigogo na Hananasif hadi Mtoni na Mbagala. Kazi hiyo imenijengea imani moja: mwokoaji wa kwanza ni jirani, kwa hiyo ujuzi wa kuokoa ni mali ya mtaa kabla ya kuwa mali ya askari au daktari. Mitaa yetu ina utaratibu kamili wa msiba. Mtu akifariki, haupiti muda turubai limesimama, viti vimefika, mjumbe amefungua daftari la michango, kinamama wamewasha majiko na vijana wanajua nani anakwenda kuchimba kaburi. Hakuna anayesubiri amri kutoka wilayani. Watu wanaojipanga hivyo kwa ajili ya marehemu wanaweza kujipanga kwa ajili ya mtu ambaye roho bado haijamtoka. Kinachopungua ni mafunzo, na kugawana majukumu kabla ya siku ya hatari.

Ushahidi wa kwanza ni wa saa. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache, nne hadi sita hivi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba 114, na kila mtoto anayeweza kubonyeza simu aijue. Hata hivyo, gari likitoka kituoni papo hapo, mbele yake kuna foleni ya Barabara ya Kilwa, au vichochoro vya Tandale ambavyo bajaji yenyewe hupenya kwa shida. Hata askari hodari kiasi gani hawezi kuushinda umbali huo. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, wafanyabiashara na wapita njia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufukua kifusi, kwa mikono mitupu. Kila mara waliokuwa karibu ndio waliokuwa na zile dakika.

Ushahidi wa pili ni wa mahali. Ukitaja kuzama, wengi huwaza Coco Beach au Kunduchi. Lakini maji yanayoua yapo pia nyuma ya nyumba: Mto Msimbazi na Mto Kizinga inapofurika wakati wa masika, karo lisilo na mfuniko, kisima kilicho wazi, shimo la mchanga lililoachwa likajaa mvua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa umri huo huzama kimya, mara nyingi bila hata kupiga kelele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uokoaji haina shujaa wala picha ya gazetini: ni fundi anayefunika karo, ni baba mwenye nyumba anayezungushia kisima uzio, ni mtu mzima mmoja anayekaa zamu ya kuangalia watoto wakati wenzake wamekwenda kwenye biashara.

Wapo wanaosema kwamba raia asiye na mafunzo huharibu zaidi. Hoja hii ni nzito, na historia yetu inaitetea. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, tumbo la meli lilitobolewa ili watu watolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, na meli ikazama. Mtaani pia, anayejitosa kumfuata anayezama mara nyingi hukumbatiwa na kuzama naye, na mtoto aliyeopolewa hubebwa kichwa chini miguu juu ili atapike maji huku dakika zikipotea. Lakini huruma huwa haizuiliki. Watu watakimbilia kusaidia tu, wawe wamefundishwa au hawajafundishwa, kwa hiyo dawa ni kuwafundisha. Mafunzo yenyewe si marefu: piga yowe, rusha kamba au dumu tupu lililofungwa mfuniko, usijitose. Ukimtoa na hapumui, anza kwa kumpulizia pumzi, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Wengine wanahofia kwamba tukiuzoesha mtaa kujiokoa, serikali itapumzika. Naona kinyume chake. Wakazi wanaojua dakika zinavyohesabiwa ndio watakaouliza kwenye mkutano kwa nini daraja halina kingo na kwa nini watu wanaendelea kujenga bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Na wapo wanaosema siku ya mtu ikifika imefika. Naiheshimu imani hiyo, nami ninayo. Lakini siku hiyo hakuna kati yetu anayeijua, na asiyeijua hana ruhusa ya kuitangaza kwa kukunja mikono. Kabla ya masika ya Machi, kila serikali ya mtaa iitishe mkutano wenye ajenda moja: kamba inakaa kwa nani, nani anajua kupulizia pumzi, karo zipi ziko wazi, na bodaboda gani itatoka usiku kumpeleka mgonjwa hospitali. Majibu hayo yana uwezo wa kuokoa watu wengi kuliko ushujaa wa mtu mmoja, na kila mtaa wa Dar es Salaam unaweza kuyapata katika mchana mmoja.