Dola Iliyobebwa Mabegani

Vijana wetu wa madrasa hapa Tabora hupenda kusimuliwa habari za dola za Kiislamu zilizopita. Hutaja dola ya Mughal huko India, iliyofikia upeo wa ukubwa wake zama za Aurangzeb, kisha ikaanza kumeguka alipofariki mwaka 1707. Huuliza: dola kubwa kiasi hicho ilidhoofikaje? Huwaambia kwamba jibu tunalo hapa Unyanyembe, kwenye njia ya misafara.

Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja kwenye miaka ya 1830 na 1840. Bendera yake ikafuata misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapa hadi Ujiji. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Nguo, shanga na bunduki zikapanda bara. Ilisemwa kuwa zumari likipigwa Unguja, hucheza walioko maziwani.

Lakini fahari hiyo ilikuwa na nyufa. Biashara iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe wakagombania urithi, na mwaka 1861 mtawala Mwingereza wa India, Lord Canning, ndiye aliyeamua Unguja na Oman zitengane. Hapa Tabora, ntemi Mnywa Sere alipowatoza wafanyabiashara ushuru, walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Vita vikafuata hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo naye akaifunga njia ya Ujiji, na Sayyid Barghash hakuweza kumshinda. Kufikia mwaka 1886, Wazungu walikuwa wamemwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu.

Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa Mmanyema. Wazee wake walifika Tabora kwa njia hiyo hiyo, na si wote waliokuja kwa hiari. Kwa hiyo ninapoisifu dola ile, hujiuliza ninamsifu nani: mwenye bendera, au aliyebeba pembe mabegani? Biashara ya watumwa ilikuwa sehemu ya utajiri wake, na haitufai kuwaficha watoto wetu jambo hilo.

Nadhani hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Waliobeba uzito wa dola hawakuwa na fungu ndani yake, basi ilipotikisika hawakuwa na sababu ya kuishika. Dini, kwa upande wake, ilibaki. Huku bara ilienea zaidi baada ya nguvu ya Sultani kwisha, na miongoni mwa walioieneza walikuwemo wapagazi, watumwa wa jana na wajukuu wao, katika vyuo na dhikri.

Ndugu zangu, hata msikiti ni dola ndogo. Tunapogawa madaraka na kuhesabu mali ya wakfu, tumtazame kwanza yule anayefagia, anayeteka maji na anayechimba kaburi. Je, ana sauti katika kikao chetu?