Kabla ya Bawa, Daftari

Ndugu zangu wa Mponde, Usambara,

Ile video nimeiona. Kila mmoja wenu kanirushia kwa wakati wake: kijana kaunda ndege uani, akina mama wanapiga vigelegele, na mjomba mmoja kwenye kundi letu kaandika, "Angekuwa kwa Wazungu angeshakuwa bilionea. Huku wanambania." Nimenuna kidogo, maana mimi ndiye ninayeishi kwa hao Wazungu, na jirani yangu anaunda ndege. Hajapewa hata senti.

Hapa Wisconsin, Marekani, ndege ya kujiundia si kioja. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha huku chama cha waundaji, EAA, na kila mwisho wa Julai mji mdogo wa Oshkosh hupokea ndege zaidi ya 10,000 kwa maonyesho yao. Jirani yangu ni mstaafu. Gari lake linalala nje kwenye theluji ili bawa lilale gerejini. Ni ndege ya viti viwili, vipande vyake vimetoka Oregon, kampuni ya Van's Aircraft. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe, kwa kujifunza au kujiburudisha. Basi mzee anatoboa bati na kugonga ribiti mpaka usiku.

Nilitegemea anionyeshe injini. Akanionyesha daftari. Tarehe, saa alizofanya kazi, kipimo alichokazia kila bolti, ribiti mbovu aliyoing'oa, picha ya kila kiungo kabla hakijafunikwa. Bawa likishafungwa, nani ataona ndani? Mshauri wa chama huja bure, anamulika tochi, anasema "hapa ng'oa", na mzee anang'oa. Mwishoni huja mkaguzi wa serikali. Akiridhika, mzee atarusha saa 25 au 40, kutegemea injini na pangaboi, katika eneo alilopangiwa, bila abiria. Hata baada ya hapo kibandiko ndani kitamwonya abiria kwamba ndege hii ni ya kujiundia, na biashara ya nauli ni marufuku. Mjomba, bilionea yuko wapi hapo?

Tuje kwetu. Gabriel Nderitu wa Kenya aliunda ndege yake, dunia ikamtangaza mwaka 2010. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Chris Nsamba, uani kwa mama yake, Ntinda, Kampala. Nawavulia kofia. Akili tunazo. Tatizo ni sisi tunaowazunguka wenye akili: asubuhi tunamwita kichaa, jioni akitokea kwenye simu tunamwita fahari ya taifa, na hakuna anayemuuliza, "Umeandika wapi?" Fundi wetu kila kitu kiko kichwani. Mkaguzi akija anakuta chombo kisicho na historia, atasaini nini? Halafu tunasema kabaniwa. Nanyi si watu wa kudharau maandishi! Kwenye mzani wa majani ya chai, karani akikosea nusu kilo kwenye kadi yako, Mponde nzima inajua. Bawa la ndege halistahili uchungu wa nusu kilo ya chai?

Kama yupo hapo kijana anayechora ndege nyuma ya daftari la Jiografia, mwambieni hivi. Aiandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kabla hajakata bati la kwanza, asingoje mpaka injini iwake. Bolti za ndege zina alama zake kichwani. Asichomoe za Land Rover ya babu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege, aombe nafasi. Kurusha ajifunze kwa mwalimu, kwenye ndege iliyokwisha kuthibitishwa. Na asijaribie milimani kwetu, upepo wa kingo za Usambara hauna adabu. Tambarare iko huko chini, Mombo.

Nanyi wajomba na mashangazi, hiyo bando ya kurusha video ingetosha daftari gumu la kurasa nyingi. Mnunulieni. Mkague anachoandika, na akiandika upuuzi mwambieni ni upuuzi. Vigelegele viwekeni, tutavipiga wote saa za majaribio zikiisha na rubani yuko kwa miguu yake.

Wenu,
Mwana wa Mponde, Wisconsin