Mwacheni Ningu Apande

Wako watu wanaodhani kwamba mvuvi hodari ni yule asiyemwachia samaki hata mmoja apite. Mimi nilizaliwa karibu na mto Nzoia, huko chini unakokaribia ziwa la Victoria, na mambo niliyoyaona huko yamenifundisha kwamba sivyo.

Katika mito yetu kuna samaki aitwaye ningu, ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus. Kwa kawaida hukaa ziwani, akikwangua chakula chake chini ya maji kwa mdomo wake unaotazama chini. Mvua za masika zinapoujaza mto, hupanda kwa makundi mpaka mahali ambapo maji yamefurika katika majani, na huko hutaga mayai. Kisha hurudi ziwani, na watoto wake humfuata baadaye.

Wazee wetu waliijua safari hiyo kama mkulima anavyojua majira. Babu yangu na wenzake walijenga uzio wa fito kukata mto, ambao Wajaluo huuita kek, na katika nafasi zake walitega migono ya kusukwa. Midomo ya migono ile ilielekea juu ya mto, ili imnase ningu anaposhuka akiwa amekwisha kutaga. Samaki wadogo walipita katikati ya fito. Asubuhi kila aliyesaidia kujenga alipata fungu lake, wala wajane hawakusahauliwa.

Mvulana mmoja aliugeuza mgono uelekee chini wakati samaki walipokuwa wakipanda, akakaripiwa mbele ya watu wote. Nilipomwuliza babu sababu, alinijibu, "Mjukuu wangu, samaki huyu anakwenda shambani kupanda mbegu. Ukimkamata mpanzi njiani, utavuna nini?"

Nyavu za kigeni za kutega ziliingia ziwani mwaka 1905, na za nailoni zikafuata katika miaka ya 1950. Watu walizitega hata midomoni mwa mito, majira yale yale ningu anapokusanyika akiwa na mayai tumboni. Basi samaki huyo, aliyekuwa miongoni mwa wale walioleta fedha nyingi, akapungua upesi mno.

Siku hizi watu hupenda kumlaumu mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Ni kweli kwamba mbuta amekula samaki wengi. Lakini yeye alizidi sana katika miaka ya 1980, na wakati huo ningu alikuwa amekwisha kuwa haba. Hasara ile ilianzwa na mikono ya watu.

Kwa hiyo, wasomaji mnaokaa kando ya mito, nawaombeni mlifikiri jambo hili. Mkulima mwenye akili hali mbegu yake yote, hata njaa ikimbana. Anayeuziba mdomo wa mto kwa wavu wakati wa masika anakula mbegu ya jirani zake wote, wa ziwani na wa bara. Tukimwachia ningu njia kwa majuma machache tu, atatulipa anaposhuka, na watoto wetu watamjua kwa kumla, si kwa kusimuliwa habari zake.