Kwa Mpwa Wangu Uliyepangiwa Kayenze

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na mama yako nimemtuliza. Mwalimu anayekosa usingizi kwa sababu hawafikii watoto wote ni mwalimu wa kutumainiwa. Unasema chuoni mlisisitiziwa mahitaji ya kila mwanafunzi, na sasa umekabidhiwa darasa la pili ambalo hata madawati hayatoshi. Najua. Tangu elimu ilipofanywa bila malipo Januari 2016 shule zetu zimefurika, na sitaki tulijutie hilo, maana wengi wa hao wanaokubana leo wangekuwa mwaloni tu.

Lakini hukuagizwa kuandika maandalio ya somo sawa na idadi ya watoto. Andalio ni moja. Unachodaiwa ni kujua kila mmoja amefika wapi, na hilo hutalijua kwa kuuliza "Tumeelewana?" Darasa likiitikia kwa pamoja, asiyejua kusoma hujificha ndani ya sauti za wenzake. Waite mmoja mmoja mezani, wachache kila siku, wengine wakiendelea na zoezi. Mpe silabi, kisha neno, kisha sentensi, kisha habari fupi. Pale anapokwama, andika jina lake na silabi iliyomkwamisha.

Utakuta anayesoma "mama" bila shida, lakini ukimwandikia "mumi" anakutazama. Huyo amekariri umbo la neno; mrudishe kwenye silabi bila kumwaibisha. Mwingine ataandika "kura" akikusudia "kula", kwa kuwa lugha ya nyumbani haikumzoesha kutenganisha r na l. Msikilizishe, mtamkishe, na lugha ya mama yake usiikemee. Mwingine anamsaidia bibi yake kuuza dagaa kwa sado na chenji harudishi pungufu hata siku moja, lakini ukiandika kutoa ubaoni anapata sifuri. Hesabu anaijua, alama za hesabu ndizo ngeni kwake. Anza na sado na shilingi zake, alama zifuate.

Kayenze, hapo kando ya ziwa, kuna jambo ambalo chuoni hawakukueleza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka mitumbwi hupumzika. Linganisha daftari lako la mahudhurio na mwezi, utaona. Asubuhi za siku za giza baadhi ya watoto wako ufukweni wanaanika, na wanaofika wanasinzia. Kiboko hakimwamshi mtoto ambaye hakulala. Mada mpya zipeleke wiki za mbalamwezi, za giza ziwe za marudio, na wakati huohuo nenda ukazungumze na mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU wanaosimamia mwalo, kwa sababu saa za asubuhi ni haki ya mtoto na wazazi waambiwe hivyo kwa heshima lakini waziwazi.

Kabla hujamwita mtoto mvivu, mwangalie mwili. Anayekutazama mdomo tu huenda sikio linatoa usaha. Anayechoka kila siku huenda ana kichocho, ambacho mwambao wetu haujakimaliza. Siku ya dawa shuleni hakikisha hakosi. Mwenye ualbino mkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua, umwandikie herufi kubwa, na kofia yake asivuliwe mstarini. Ukiona haitoshi, uliza Mitindo kule Misungwi, shule iliyopokea watoto wengi wenye ualbino na wasioona. Walimu wa huko wanajua mengi.

Makundi utayahitaji, ila neno "wazito" nisilisikie kinywani mwako. Nimeona mtoto akipewa jina hilo darasa la pili na kulibeba hadi la saba. Kundi liwe la silabi za wiki hii, na Ijumaa anayezimudu ahame mbele ya wote. Aliye wa mwisho kusoma huenda ndiye wa kwanza kwenye hesabu. Basi hapo aongoze wenzake.

Ukiambiwa haiwezekani kumwanzisha kila mmoja pale alipo, kumbuka MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Kundi lake la wakubwa, vijana waliokosa shule, lilikusudiwa kufika mtihani wa darasa la saba kwa takriban miaka mitatu. Hawakulazimishwa kukaa na watoto wa miaka saba. Walianzia walipokuwa, na umri wao wenyewe ukawa mtaji.

Mwalimu wa taaluma atakuuliza kwa nini azimio la kazi liko nyuma. Usibishane. Mfungulie daftari lako, mwonyeshe majina na silabi, umwombe akupunguzie vipindi vingine uweze kuwashika hao wachache waliobaki nyuma kabisa. Huenda akakataa mara ya kwanza. Rudi tena na daftari hilohilo mwezi unaofuata.

Nimekusanya mfuko wa vizibo vya soda vya kuhesabia na kadi za silabi nilizokata kwenye maboksi. Nitampa dereva wa daladala ya Jumamosi asubuhi. Kadi za "ng'", "ny" na "mb" nimezifunga peke yake kwa uzi, maana hizo utazitumia kwanza.

Mjomba wako,
Kiseke