Upepo wa Kaskazi

Ndugu msomaji, kama hujapata kuendesha baiskeli kutoka Bububu hadi Nungwi mwezi wa Februari, huujui upepo wa kaskazi. Manahodha wa majahazi waliusifu, kwa kuwa uliwaleta kutoka Arabuni. Mimi ulinipiga kifuani tangu Mahonda. Siku ile ya mashindano tulipokezana kutangulia, maana atanguliaye ndiye awakingaye wenziwe, naye huchoka upesi.

Baiskeli haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka, ambaye kila alfajiri huchukulia mikate ya kuuza, nami nilimwahidi kuirudisha kama nilivyoipokea. Tulipopita Kinyasini, tukiwa sita mbele, spoku mbili za gurudumu la nyuma zikakatika. Rimu ikayumba, ikasugua breki. Ungefanya nini, msomaji? Kufika ningefika, nakiri, lakini kwa kuiharibu kabisa. Nilishuka, nikasimama chini ya mwembe nikiwatazama wakitokomea, kisha nikarudi kwa gari la abiria, baiskeli juu ya paa.

Kaka hakuniuliza nilikuwa wa ngapi. Alilizungusha gurudumu, akazihesabu spoku kwa kidole, akaniambia nimletee spana. Kesho yake mikate ilichelewa nusu saa tu.