Mjomba, hapa hawatumi pesa?

Majuzi nilikuwa Dubai, na kabla hamjaniuliza nimewaletea simu gani, niseme mapema kwamba sikuleta hata waya wa chaja. Pesa niliziacha kwenye mji wa watoto.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anasafisha vyumba katika hoteli moja huko, huu ni mwaka wake wa tatu. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka minane, anaishi na nyanya yake Voi. Likizo ya Agosti dada akatuma nauli ya kijana, mimi nikajilipia yangu, nikamsindikiza. Siku ya mapumziko ya dada ilikuwa moja tu kwa wiki, na yeye mwenyewe ndiye aliyechagua twende KidZania.

Kwa wale wasioijua, KidZania ni mji mzima uliojengwa ndani ya jumba, vipimo vyake theluthi mbili ya mji wa kawaida, ili mtoto ajione mtu mzima. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1999 huko Santa Fe, jijini Mexico City, na mfanyabiashara Xavier López Ancona ndiye aliyeufanya ukasambaa duniani. Wa Dubai ulifunguliwa mwaka 2010 ndani ya Dubai Mall. Unaingilia kwenye kaunta kama za uwanja wa ndege, halafu unatokea barabarani: hospitali hii hapa, zimamoto kule, kituo cha redio, benki, hata chuo kikuu. Taa zake ni za jioni, na jioni hiyo haiishi.

Mtoto akiingia anapewa hundi ya kidZo 50. KidZo ndiyo sarafu ya humo. Anaipeleka benki, anapewa noti, kisha anatafuta kazi. Kazi nyingine zinamlipa, na mambo mengine, kama vile kujistarehesha, anayalipia yeye. Akisoma chuo kikuu cha humo mshahara wake unapanda (hapo nilicheka peke yangu, nikikumbuka miezi niliyozunguka Nairobi na digrii yangu ya kompyuta kwenye bahasha).

Sasa, mimi ni mwandishi wa programu, na kazi yangu ya kila siku ni mifumo ya malipo, kwa hiyo jicho langu lilikuwa kwenye mitambo. Mnajua jinsi watu wanavyouza hizi starehe za ndani siku hizi: miwani ya uhalisia pepe, skrini ukuta mzima, viti vinavyotikisika. Humu kitu cha kisasa kilichonivutia kuliko vyote ni bangili. Mtoto na mtu mzima wake wanavishwa bangili zinazosomwa kwa mawimbi ya redio, na mfumo unajua nani kaja na nani. Mtoto hatoki langoni bila yule aliyemleta. Wale mliosoma hifadhidata mnaielewa: rekodi mbili zimefungwa kwa ufunguo mmoja, basi. Teknolojia ya namna hiyo unaweza kuitengeneza hata wewe pale Ngara.

Lakini nenda uone watoto! Gari la zimamoto linapita na king'ora, wanashuka mbio na kofia zao, wanamwaga maji ya kweli kwenye jengo ambalo moto wake ni taa tu. Hakuna anayesema moto huo ni wa uongo. Nimejaribu miwani ya uhalisia pepe mara kadhaa, na dakika ya tano huwa nishakumbuka kwamba nina miwani usoni. Hawa watoto walikaa humo saa nne na hawakukumbuka kitu. Nadhani siri ni kwamba kanuni za mji hazivunjwi. Foleni ni foleni, nafasi zikijaa zimejaa, usipofanya kazi huna pesa, na mzazi haruhusiwi kuingia kazini kukusaidia. Unamtazama kupitia kioo.

Na dada alitazama. Mpwa wangu alijiandikisha kupeleka vifurushi, akavishwa sare, akapewa mkokoteni na orodha ya majengo. Dada akabandika paji la uso kwenye kioo kama mtoto aliyenyimwa peremende. Alipoona kijana anahesabiwa ujira wake papo hapo akaniambia, "Angalia! Wanalipa siku hiyo hiyo!" Akacheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Baada ya kazi tatu kijana akaingia benki. Akakaa kaunta muda mrefu, dada wa benki akawa anatikisa kichwa, anamwonyesha karatasi moja, anamwonyesha nyingine. Mwishowe akatoka na kadi mkononi na uso umekunjamana.

"Mjomba, hapa hawatumi pesa?"

"Watume wapi?"

"Kwa nyanya."

Jamani. Benki ile ina akaunti, ina kadi, ina mashine ya kutolea pesa, na ukiweka akiba utaikuta siku ukirudi. Ila kutuma nje haiwezekani, kwa sababu sarafu yenyewe haivuki ukuta. Kwa mhandisi hilo ni jambo la kawaida, ni mzunguko uliofungwa. Kwa mtoto wa Voi, benki isiyotuma ni benki iliyoharibika. Yeye kazaliwa M-Pesa ishazeeka, maana ilianza mwaka 2007, na kila anachojua kuhusu pesa ni ule mlio wa simu ya nyanya jioni, halafu unga na viatu vya shule vinanunuliwa. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Humo ndani mna milio ya nyanya yake.

Cha kushangaza ni kwamba Meksiko, alikotoka aliyebuni mji huu, ni miongoni mwa nchi zinazopokea pesa nyingi zaidi duniani kutoka kwa watu wake waliosafiri, na Dubai iko katika nchi inayotoa pesa nyingi za namna hiyo. Mji wa watoto una rubani, daktari, mpishi na mtangazaji. Wa kutuma nyumbani hayumo. Ningekuwa mimi ningeongeza dirisha moja tu pale benki, na makato yake, ili wajue mapema kwamba njiani kuna anayemega.

Tulikwenda kula. Kijana alikuwa kimya, anafikiri, na mimi namjua akifikiri anakuja na jambo. Akamgeukia mama yake: "Ile karo yangu ya muhula, ulisimama dakika ngapi?"

Dada akashusha kijiko. Nilidhani atamwambia ale chakula chake. Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya meza, akakosea, akaanza upya.

"Sisi hatuhesabu dakika, tunahesabu vyumba. Kama mia na sitini hivi."

"Na kila chumba kina kitanda?"

"Vingine viwili."

Kijana akaitikia "Mm" kama mzee wa baraza, akamsogezea mama yake viazi vyake vilivyobaki. Dada akavila vyote, polepole, huku akitazama upande wa dirishani. Mimi nikashughulika na simu yangu ambayo haikuwa na ujumbe wowote.

Kabla ya kutoka tulimwonyesha duka ambalo kidZo zinanunua vitu vya kuchezea. Hakutaka. Alikuwa na salio la kidZo 61, akaliacha lote kwenye akaunti, kadi akaitia mfukoni na kufunga zipu. Langoni bangili zikasomwa, mama na mwana, mlango ukafunguka.

Siku nne baadaye tulikuwa Voi. Hata viatu hakuvua, alimpelekea nyanya kadi jikoni. Nyanya akaipangusa kwa kanga, akaigeuzageuza, akaniuliza namba ya siri ni ipi.